Mkono Yangu ya Kubeba Chai

Nyinyi munaokaa kwa benchi, na nyinyi munaosimama huko nyuma kama watu wanangojea kukimbia, sogea karibu. Hapa hakuna mutu anauma. Wewe mzee ya kofia, toa hiyo redio kwa sikio. Leo sielezi ile ya kiboko aliomba lifti kwa boti yangu, ile munaijua na imechoka. Leo naeleza habari ya mkono yangu, hii ya kushoto. Angalia vizuri. Vidole tano, zote iko. Hii ndogo imejikunja kidogo, kama mzee anatafuta shilingi chini ya meza, lakini iko. Ilibaki kidogo sana isiwe.

Mimi ni mutu ya Kuluba. Kwa kijiji yetu maji iko ya kuosha mguu na mbuzi kunywa, basi. Baba yangu alikuwa askari, na alinifundisha vitu mbili: kusimama wima na kudanganya bila kucheka. Shule nilipita karibu yake tu, kwa njia ya kwenda shamba ya muhogo. Kazi yangu ilikuwa mashine ya kusaga unga pale Koboko mjini. Injini yake ilikuwa na hasira, ikipiga moshi hata kuku ya Congo inakohoa. Kwa hiyo siku watu ya dawa walikuja kutafuta dereva ya boti, wakauliza nani anajua injini, nikasema mimi. Wakauliza, na maji unajua? Nikasema mimi nilizaliwa ndani ya maji. Bahati mama yangu hakuwa karibu.

Siku ya kwanza nilipeleka ile boti nyuma, saa nzima, nikijua tunaenda mbele. Hakuna mutu alisema kitu. Wote walikuwa watu ya shamba kama mimi.

Sasa ile kazi yenyewe. Ukitoka Arua kushuka upande ya Nile, unafika mahali mto inapanuka na kujaa mafunjo. Ile mafunjo inashikana mizizi, inakuwa nene, inakatika kwa nchi kavu na kuanza kuelea. Na watu wanakaa juu yake. Nyumba, kuku, watoto, kila kitu, juu ya majani, chini maji. Wanavua samaki. Gari haifiki, pikipiki haifiki, hata baiskeli ikifika itazama. Kwa hiyo kiliniki inawafuata kwa boti. Mara mbili kwa mwezi tulikuwa tunapakia dawa kwa stoo kule Arua Hill, tunapanda pikapu mpaka mtoni, halafu mimi nakuwa kapteni. Mutu kubwa ya safari alikuwa sista, nesi ya kiliniki. Mwanamke ya Manibe, mfupi, maneno kidogo. Alikuwa anakaa mbele ya boti na boksi ya chanjo kwa magoti, anaishika kama mtoto yake. Mimi nikisema mambo kumi, yeye anajibu nusu.

"Sista," namwambia, "jana mbu ya kwetu ilibisha hodi."

"Ulifungua?"

Basi. Maneno yake ya siku nzima imeisha.

Kijiji tuliokuwa tunaenda sana ilikuwa na nyumba kumi na kitu hivi, na chemani moja, mkubwa ya kijiji, ambaye anapenda chai kuliko serikali. Ile kijiji ilikuwa imefungwa kwa kamba, lakini mvua ikinyesha kubwa kamba inakatika na kijiji inahama. Leo unaacha chemani upande ya kulia ya mto. Baada ya wiki mbili unamkuta upande ya kushoto, amesimama na mikono kwa kiuno, analalamika eti sisi tumechelewa.

Ile mahali iko na sheria yake. Ya kwanza ni uzito. Siku ya kwanza sista alipanga wagonjwa kwa laini, kama kiliniki ya nchi kavu, wote upande moja karibu na boti. Mara nikaona maji inaingia kwa kiatu ya mutu ya kwanza, halafu ya pili. Kisiwa yote ilikuwa inainama, kama sahani yenye ugali upande moja. Kuku ikaanza kuteleza. Chemani akasema pole pole tu, bila kelele, "Wanene rudi katikati." Na hakuna mutu alitembea. Kila mutu alimwangalia jirani yake. Tangu siku ile tukajua: wakonde kwa ukingo, wanene katikati, na ukiitwa kwa sindano, mutu ya uzito yako anatoka upande ya pili kuziba nafasi. Mimi ndiye nilikuwa napanga. Naangalia mutu na jicho moja, nasema wewe ni gunia ya muhogo, wewe ni nusu gunia. Wamama wengine waliacha kunisalimia.

Sheria ya pili ni moto. Hii ndiyo inaleta hadithi yangu, kwa hiyo sikieni. Chini yote ni majani makavu, moja juu ya ingine. Moto wanawasha mahali moja tu, juu ya udongo nene wameleta kwa mtumbwi kutoka nchi kavu. Kitu ikitoka hapo ikiwa moto, sufuria, birika, hata kikombe, haiwekwi chini. Kamwe. Ukiweka, majani inashika moto ndani kwa ndani, hauoni kitu, halafu asubuhi nyumba imeingia kwa mto. Kwa hiyo birika ya chai inatembea kwa mikono. Mutu anaishika na majani mbichi amekunja, anampa ingine, ingine anampa ingine, wote wanapuliza vidole, fuu fuu, mpaka chai imeisha. Ukiona watu ya kisiwa wanakunywa chai utasema wanacheza ngoma.

Mpishi ya chai alikuwa haboba moja. Kwetu mwanamke mzee tunaita haboba. Vidole yake ilikuwa fupi fupi, na alikuwa anashika birika na vitambaa mbili kubwa, pole pole, kama anabeba yai. Mara ya pili tulifika, aliita mutu kumpokea birika. Majani ya kushikia ilikuwa mbali. Mimi nikanyoosha mkono ya kushoto, hivi, nikashika birika kwa tumbo yake, si kwa kishikio yake, nikaizungusha kwa wagonjwa yote. Nikamimina vikombe ishirini. Nilikuwa nacheka, nasimulia habari ya kiboko. Kisiwa yote ikaangalia mkono.

Chemani akauliza, "Wewe hausikii moto?"

"Mzee," nikasema, "mimi nilishika injini ya mashine ya kusaga miaka mingi. Baba yangu alikuwa askari. Sisi moto tunakunywa."

Wallahi, siku ile nilikuwa mutu kubwa. Watoto walikuja kugusa mkono yangu. Kutoka siku ile hakuna mutu ingine alibeba chai. Boti ikionekana mbali, haboba anaweka maji kwa moto, na chemani anasimama kwa ukingo anaita, "Mutu ya chai anakuja." Si mutu ya dawa. Mutu ya chai. Kila safari niliongeza kidogo. Nilibeba birika na kuimba. Nilibeba na kulala, nafunga macho nakoroma. Kama kazi ingeendelea mwaka moja zaidi ningekuwa nabeba jua.

Sista hakuwa anaona. Saa ya chai yeye alikuwa ndani ya tenti na watoto wa chanjo, mgongo kwetu.

Lakini mimi nilikuwa naona. Sasa nasema ukweli kidogo, halafu tutarudi kwa uwongo. Nyumbani Koboko, siku moja, nilikuwa nakaa karibu ya jiko naongea. Bibi yangu, mama ya watoto, akauliza, "Nani anachoma nyama?" Tukaangalia huku na huku. Ilikuwa mimi. Mkono ilikuwa inakaa kwa ukingo ya jiko. Nikaitoa. Ngozi ilibaki kwa jiko. Mimi sikusikia kitu. Nilisema ni mazoea ya injini. Yeye akaenda kuleta mafuta. Na hapa juu ya mkono kulikuwa na alama, mahali rangi imepauka, kubwa kama mfuniko ya kikombe. Nilianza kuvaa shati ya mikono mrefu. Jua ya West Nile, na mimi nimefunga vifungo kama padri.

Nilijua? Sijui kama nilijua. Wakati nilikuwa mtoto kule Kuluba, kulikuwa na mzee moja alikuwa na ukoma. Nyumba yake ilikuwa peke yake, nyuma ya shamba ya mwisho. Kikombe yake, peke yake. Sahani, peke yake. Mama yake alikuwa anampelekea chakula na kuiacha kwa jiwe. Sisi watoto tulikuwa tunapita mbali, tunakimbia, hatujui tunakimbia nini. Hiyo ndiyo nilikuwa nafikiria nikiwa na shati yangu ya padri. Nyumba nyuma ya shamba. Nilifikiria kama mutu anafikiria bei ya sabuni, hivi tu, bila moyo kupiga. Moyo pia ilikuwa imevaa shati.

Na sista kazi yake ingine ilikuwa kutafuta hiyo hiyo ugonjwa. Kila mutu ya kisiwa alikuwa anakaguliwa ngozi. Sista anachukua pamba kidogo, anaikunja ncha ikuwe kama uzi, anakwambia funga macho. Anagusa. Wewe unaweka kidole mahali aligusa. Watu waliogopa mwanzo, walifikiri ni uchawi ya Arua. Kwa hiyo kila safari, kabla ya laini kuanza, mimi nakaa kwa kiti mbele ya watu na sista ananifanya mfano. Funga macho, kapteni. Anagusa mkono ya kulia, naonyesha. Anagusa shavu, naonyesha, nasema, "Sista, shavu haiko kwa mpango, bibi yangu atasikia." Watu wanacheka, laini inaenda. Kila mara kulia. Kwa sababu yeye alikuwa anakaa upande yangu ya kulia. Na mimi ndiye nilikuwa napanga viti.

Halafu siku moja chemani alileta ndugu zake kutoka kisiwa ingine, watu nne, kila moja gunia mbili. Wakakaa. Kisiwa ikainama. Tulipanga watu, tukapanga tena, ikakataa. Mwisho chemani akasema, "Sista, wewe hamia huku, upande ile ya pili, na meza yako." Sista akabeba kiti yake akakaa kushoto yangu. Kisiwa ikanyooka. Mimi ningesema kitu. Nilikuwa na hadithi kumi za kumrudisha. Lakini watu walikuwa wanaangalia, haboba alikuwa ameweka maji kwa moto, na sista alikuwa amekwisha kukunja pamba.

"Kunja shati, kapteni."

Nikakunja.

"Funga macho."

Nikafunga. Nikangoja. Nilisikia maji chini ya majani, nilisikia kuku. Mtoto moja alicheka. Nikangoja zaidi. Watu wengine wakaanza kucheka pia, ndogo ndogo. Nikafikiri sista amesahau pamba kwa boti.

"Sista," nikasema, "anza basi. Chai itapoa."

Sasa kisiwa yote ikacheka. Chemani alicheka mpaka akakohoa. Walifikiri ni mchezo yangu ingine. Nikafungua macho kidogo, nikachungulia. Pamba ilikuwa juu ya mkono yangu. Sista alikuwa anaipitisha, pole pole, kutoka kiwiko mpaka kidole ndogo, na kurudi. Niliiona inatembea kama mdudu kwa ukuta ya nyumba ya mutu ingine.

Mutu moja tu hakucheka. Haboba. Alikuwa amesimama na vitambaa yake mbili, ananiangalia, na birika ilikuwa inachemka na yeye haitoi.

Sista hakusema kitu mbele ya watu. Hiyo nitamshukuru mpaka naingia kwa udongo. Alinishika kiwiko, hapa ndani, akabonyeza mshipa. Ilikuwa nene kama kamba ya boti. Halafu akasema kwa sauti ya kila siku, "Haya, kapteni amelala. Mutu ya pili." Watu wakacheka tena na laini ikaenda.

Chai ikaja. Haboba aliibeba mwenyewe, na vitambaa. Chemani akasema, "Mupe mutu ya chai." Haboba akasema, "Leo amechoka." Akapita karibu yangu kama anapita mti. Nilikaa kwa kiti. Mtoto alinipa kikombe, nikaishika na mkono ya kulia, nikanywa. Ilikuwa na sukari. Najua kwa sababu niliona sukari ikiwekwa.

Kwa njia ya kurudi sista hakukaa mbele. Alikuja kukaa nyuma, karibu na injini, boksi ya chanjo kwa magoti.

"Tangu lini?"

"Nini?"

"Wewe."

"Mvua ya mwaka jana. Labda kabla."

"Na birika nimesikia leo. Kila safari?"

"Watu walikuwa wanafurahi, sista."

Akaniambia, na hakuzunguka. Ni ukoma. Iko na dawa, nitakunywa mwaka moja, na nikianza tu siambukizi mutu. Hakuna nyumba nyuma ya shamba, hiyo ni mambo ya zamani. Sikumwambia kitu juu ya nyumba, sijui alijua namna gani. Lakini mkono, alisema, hiyo hawezi kuniahidi. Mshipa ikikaa imelala muda mrefu haiamki. Na nikiendelea kushika moto, vidole itakwenda moja moja, na siku itakwenda mimi sitajua.

"Umesikia, kapteni?"

"Nimesikia."

Nilikuwa naangalia mto. Kulikuwa na ndege nyeupe amesimama kwa jani, jani inaelea, ndege haishughuliki. Nilifikiri nitalia au nitapiga kelele, mutu ya kawaida angefanya kitu. Nilijaribu kutafuta hiyo kitu ndani yangu, kama unatafuta ufunguo kwa mfuko. Hakuna. Nilipeleka boti mpaka nchi kavu, nikafunga kamba, fundo mzuri, nikabeba tenti kwa pikapu. Kwa njia ya Arua nilimweleza dereva hadithi ya kiboko. Alicheka. Mimi pia nilicheka, mahali pake kabisa.

Nyumbani niliweka dawa juu ya meza. Bibi yangu akasoma ile karatasi, yeye alifika darasa ya tano. Akaisoma mara mbili. Nikamwambia, "Kama unataka kikombe yangu ikuwe peke yake, sema tu. Naweza kulala kwa stoo ya muhogo. Iko na hewa."

Akakunja karatasi. "Mimi niliolewa na mdomo yako," akasema. "Mkono haikufanya kazi tangu zamani."

Akamimina uji kwa kikombe yangu, akanywa yeye kwanza, akanipa. Nikanywa. Nilijua hiyo ni kitu kubwa. Nilijua kwa kichwa, kama mutu anajua jina ya nchi ya mbali.

Ile dawa, ndugu zangu. Siku ya kwanza nilikojoa nyekundu kama karkade, ile chai ya maua, nikaita majirani waje waone. Nikakuwa mweusi zaidi, mpaka jioni pale Koboko watu walikuwa wanasalimia meno yangu. Na ile ingine, ya kuamsha mshipa, ilinipa njaa. Nilikula ugali ya watu nne na uso ikavimba kama andazi. Kila mwezi sista alikuwa ananiangalia nikimeza, anasema fungua mdomo. Wengi walitaka kunifunga mdomo, yeye peke yake aliniambia fungua.

Boti niliendelea kuendesha, sista alisema hakuna shida, lakini nilivaa glovu nene ya shamba na usukani nilishika na kulia. Kwa kisiwa sikushuka tena. Nilisema injini inasumbua. Nilikaa kwa boti nikijifanya nafungua nati na kuifunga, ile ile nati. Nilisikia chemani anauliza, "Na mutu ya chai?" na watu wakirudi kwa ngoma yao, fuu, fuu, birika kwa majani, mikono kwa mikono.

Safari ya tatu hivi, haboba alikuja kwa ukingo. Kisiwa ikainama kidogo kwa sababu yake, na yeye alikuwa mkonde kama fimbo. Alikuwa na kikombe amefunga kwa kitambaa.

"Injini yako haiponi?" akauliza.

"Bado, haboba."

"Yangu pia ilisumbua." Akaweka mkono yake mbele ya uso yangu, vidole fupi fupi. "Mimi pia nilikuwa nabeba sufuria. Nilikuwa msichana. Watu walinipigia makofi."

Nikaacha ile nati.

"Ile siku ya kwanza ungeniambia, haboba."

"Ningekwambia," akasema. "Lakini vidole yangu pia imechoka kubeba. Nilisema, chai moja tu. Halafu moja ingine." Akaangalia maji. "Kunywa. Ni ya kulipa dhambi yangu, nimeweka sukari mingi."

Nikanywa ndani ya boti. Safari iliyofuata nilishuka. Hakuna mutu alihamisha kikombe yake. Chemani alinipa mkono, ya kushoto makusudi, akashika glovu yangu na kuitingisha kama anasukuma pampu. Akasema wote walijua, haboba aliwaeleza, na kama ugonjwa ni ile ya haboba basi ni ya nyumbani, nikae. Nikakaa kwa mahali pangu ya uzito. Chai ilinipita juu ya kichwa, kutoka kwa mutu ya kushoto kwenda mutu ya kulia. Mimi sikugusa.

Miezi ilienda hivyo. Sista kila safari ananifungisha macho, ndani ya tenti sasa, anapitisha pamba. Mimi nangoja. "Umegusa?" "Nimegusa." Anaandika. Mara moja nilimwambia naisikia kwa kiwiko, na alinitazama, akagusa tena, nikaonyesha mahali si yenyewe. Nilikuwa nimedanganya, kumfurahisha. Hiyo ilimkasirisha kuliko kitu yote. Akasema, "Kwa watu danganya. Kwa pamba hapana."

Sasa siku ya mwisho ya hii hadithi. Mvua ilikuwa imepiga, kijiji imehama tena, tuliitafuta asubuhi yote. Tulipofika watu walikuwa na baridi, wamejaa kwa nyumba ya chemani, kila mutu anataka chai, ngoma ya birika imeanza, haraka haraka. Mimi nilikuwa nimekaa kwa mahali pangu, glovu imelowa maji ya mvua, nimeivua kuikamua. Nilikuwa namweleza chemani jinsi samaki ya mbuta ya kule chini ya mto iko kubwa hata inavua watu. Mutu ya kushoto yangu alikuwa mgeni, moja ya wale ndugu za gunia mbili. Alikuwa anaungua. Majani yake ilikuwa imepasuka. Hakujua sheria yangu, alijua tu mimi ni mutu ya chai, alisikia sifa. Akasema "shika," akaitupa birika kwa mkono yangu.

Na mkono, kwa mazoea ya zamani, ikashika. Kwa tumbo yake.

Neno yangu ya mbuta ilikatika katikati. Kitu iliingia kwa kidole, si kwa vidole yote, kwa hii ya gumba na hii ya pili, na ikapanda mpaka kwa kwapa. Mwanzo sikujua ni nini. Nilifikiri nyoka. Halafu nikajua, kama unasikia sauti ya mutu uliyemzika. Nikapiga kelele mpaka watu ya ngʼambo walitoka kwa nyumba. Birika ikaanguka.

Ikaanguka chini, kwa majani makavu ambapo mvua haifiki, katikati ya nyumba ya chemani, na makaa ilikuwa imeshikana kwa matako yake. Moshi ikatoka hapo hapo. Watu wakaruka na ndoo, na wote wakaruka upande moja, kisiwa ikainama, maji ya mto yenyewe ikapanda ikaingia mpaka kwa magoti na kuzima moto kuliko ndoo zote. Kuku moja ikaondoka na mto. Chai yote ilienda.

Sista alitoka kwa tenti akikimbia. Alinikuta nimekaa ndani ya maji, nimeshika mkono na mkono, nalia. Nalia kama mtoto wa chanjo. Ilikuwa inauma, jamani, ilikuwa inauma vibaya, na mimi sikutaka iache.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia."

"Kapteni. Usinidanganye."

"Sista, inauma. Hapa. Na hapa."

Akapiga magoti kwa maji, akaweka mkono yangu ndani ya mto, akaishikilia huko. Yeye mwenye maneno nusu. Alikuwa anacheka na makamasi inatoka. Chemani alikuwa anashika paa ya nyumba yake. Watu wote walisimama, vikombe mikononi, vikombe tupu, wanatuangalia.

Na haboba akaokota birika, akachungulia ndani, akaigeuza, hata tone hakuna. Akamwangalia sista.

"Sasa wewe," akasema, "dawa gani hii? Umetuharibia mutu ya chai."